Shati la Msoma Matangazo

Dobi alikuwa amefika kwenye mkono wa kushoto wa shati jeupe pale shati lilipokohoa. Alinyanyua pasi, akaangalia kama ameunguza kitu, akaona kitambaa kiko salama, akaendelea. Shati likasafisha koo, kisha likaanza kusoma kwa sauti ya kiume, taratibu, kama mtu mwenye uhakika kwamba hakuna wa kumkatiza.

"Zima hiyo redio," alisema shangazi yake, aliyekaa kwenye benchi akipanga nguo za wateja.

"Si redio, shangazi. Ni shati."

"La nani?"

"La Kipaza."

"Aa. Basi pasi isipoe, tusikie anasema nini."

Kipaza walimjua tangu utotoni. Alipata jina hilo kwa kusoma kwa sauti kila bango aliloliona njiani, na alipokua Idara ya Kanuni na Matangazo ikamwajiri kwa kazi hiyohiyo. Sheria ilitaka kila kanuni mpya isomwe hadharani kabla ya kuanza kutumika. Idara ilikuwa na ukumbi mahususi wa shughuli hiyo, wenye zulia na viti vya kitambaa, na kila wiki Kipaza alisimama humo akasoma mwanzo hadi mwisho mbele ya viti vitupu. Watu hawakukatazwa kuingia. Mlinzi wa mlangoni aliwauliza tu wamekuja kusikiliza tangazo gani. Aliyeshindwa kulitaja alirudishwa, na kwa kuwa tangazo lilikuwa halijasomwa, hakuna aliyeweza kulitaja.

Lakini maneno yakishatamkwa lazima yaende mahali. Yalipokosa sikio yaliingia kwenye kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa shati la msomaji, pamba tupu, linalonyonya jasho na kila kitu. Maji na sabuni havikuyatoa. Yalitolewa na joto la pasi.

Tangu siku hiyo dobi na shangazi yake walikuwa watu wenye habari nyingi kuliko wote mtaani. Kola ilitoa kichwa cha tangazo, mgongo ukatoa vifungu, na tarehe zilikaa kwenye mikono, karibu na vifungo. Walijua rangi mpya ya mabati inayoruhusiwa. Walijua kwamba mbwa asiyesajiliwa si mbwa. Yote hayo waliyajua muda wa kupinga ukiwa umeshapita, maana Kipaza alikuwa mvivu wa kufua na aliziacha nguo zirundikane ndipo azilete.

Kisha siku moja alijimwagia chai, akalileta shati siku ya pili yake, bado lina uvuguvugu wa maneno.

Dobi alianza na kola. Shati likasema kwamba ardhi yote ya upande wa chini wa barabara, kuanzia duka la kona hadi nyumba yenye mlango wa kijani, imetwaliwa kwa ajili ya maegesho ya magari ya Idara. Dobi alitazama ukuta wa chumba chake, ambao ulikuwa upande wa chini wa barabara, katikati ya duka na huo mlango wa kijani. Akarukia mkononi. Mwisho wa kupokea pingamizi ulikuwa leo, saa ya kufunga ofisi.

"Nenda," alisema shangazi. "Nenda na pasi yako. Hao bila ushahidi hawakusikilizi."

Akaenda, shati begani, pasi ya mkaa mkononi ikitoa moshi njia nzima.

"Umekuja kwa tangazo gani?" mlinzi aliuliza.

Dobi akamtajia, pamoja na kifungu. Mlinzi hakuwahi kujibiwa swali hilo tangu aajiriwe. Alisimama kidogo, akatafuta la kumuuliza jingine, akakosa, akafungua mlango.

Karani wa mapokezi hakupata shida. "Ulikuwepo ukumbini lilipokuwa linasomwa?"

"Ningeingiaje?"

"Kwa hiyo hukuwepo. Umelisikia wapi?"

"Kwenye shati."

"Shati si mahali pa umma, dada yangu." Alisema hivyo kwa upole, kama anayemweleza mtu kwamba dirisha hili ni la stempu tu. Hata hivyo akamwita mkuu wa idara, na mkuu akaagiza Kipaza aitwe ili aitambue sauti yake.

Dobi alitandika shati juu ya meza ya mapokezi, akanyunyiza maji, akapiga pasi. Shati likasoma. Mkuu alisikiliza ameinamisha kichwa, akiitikia kila penye nukta. Lilipotaja mlango wa kijani, Kipaza alishtuka.

"Mkuu, hapo ni kwa mama."

"Ulisoma mwenyewe," alisema mkuu. "Nchi nzima hakuna raia aliyearifiwa mapema kuliko wewe."

"Mimi huwa nasoma tu, mkuu. Sisikilizi."

"Ndiyo maana tukakuajiri."

Dobi aliinua pasi. "Mmesikia wenyewe. Napinga. Mimi, na shangazi yangu, na mama yake huyu hapa."

"Pingamizi hupokelewa tangazo likishasomwa lote," alisema mkuu. "Bado mkono wa kulia. Endelea, tafadhali."

Dobi aliharakisha. Lakini mkono wa kulia ulikuwa na viambatisho, na shati lilisoma kwa mwendo uleule wa Kipaza, ambaye hakuwahi kuharakishwa na mtu. Kengele ya kufunga ofisi ililia likiwa kwenye kifungo cha mwisho. Karani akavuta pazia la dirisha lake.

Mkuu alimshukuru dobi. Sasa tangazo limesomwa mara mbili, alieleza, na mara ya pili mbele ya mwananchi, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya Idara. Kisheria limepata nguvu zaidi.

Dobi alitamani kumpitishia pasi usoni. Alichofanya ni kumwaga makaa ndani ya chungu cha ua la mapokezi. Akabeba shati na kutoka. Kipaza alimfuata hadi mlangoni, akafungua kinywa. Hakikutoka kitu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemwandikia.

Matingatinga yalikuja kama yalivyotangazwa. Mama yake Kipaza aliung'oa mlango wake wa kijani kwa mikono yake na kuuegemeza kwenye nguzo ya umeme. Mwanawe hakuwepo kumsaidia. Asubuhi hiyo alikuwa ukumbini, anasoma. Maegesho yalipokamilika, ilionekana kwamba Idara haina magari ya kuyajaza, basi yale machache yakaegeshwa mbali mbali ili pasionekane patupu.

Dobi na shangazi walihamia uani kwa kaka yake dobi, upande wa juu wa barabara. Mashati yaliendelea kuja. Siku hizi yaliletwa na tarishi wa Idara, na yaliletwa muda wa kupinga ukishaisha, kwa agizo la mkuu. Jioni watu walikuja na viti vyao kusikiliza wamekatazwa nini. Wengine walicheka. Waliokuwa na mbwa hawakucheka.

Mama yake Kipaza alikaa mbele kila mara. Alikuwa akiishi chumbani kwa mwanawe, na mwanawe alirudi kutoka kazini mkavu, bila neno, akala, akalala. Huku kwa dobi angalau alimsikia.

"Tulieni basi," aliwaambia wenzake siku moja, pasi ilipogusa kola. "Mtoto anaanza."

Shati lilisema kwamba maegesho yameonekana kuwa hayatoshi, na kwamba upande wa juu wa barabara nao umetwaliwa. Muda wa pingamizi ulikwisha jana. Halikujikwaa popote, na majina ya kitaalamu ya viwanja liliyatamka moja moja, safi.

"Mnaona anavyosoma?" alisema mama, machozi ya fahari yakimlengalenga. "Hata neno moja hakukosea."

Shangazi alikuwa ameshainuka, anatafuta kamba ya kufungia mizigo. Dobi aligeuza shati, akanyunyiza maji, akaanza mgongo.