Mpira Usimwendee Wanchen

Siku mcheza tenisi Tu Wanchen alipomwita mwenzake wa zamani shimo mbele ya nchi nzima, Lo Peiying alikuwa nyuma ya kaunta ya mama yake mjini Chiayi, Taiwan, mikono imelowa mafuta, akichambua nyama ya bata mzinga ya kuweka juu ya wali. Wateja wa mchana walikuwa wamebanana. Televisheni ilining'inia ukutani, na humo Wanchen alikuwa ameshika kombe alilolitwaa na mwenzake mpya, Mzungu mrefu kama mlingoti. Mtangazaji akamuuliza kwa nini aliachana na Peiying aliyecheza naye tangu utotoni.

Wanchen akatoa lile tabasamu lake la matangazo ya maziwa. "Peiying ni rafiki yangu," akasema. "Ila tulipokuwa pamoja, kila mpinzani alijua pa kupiga."

Neno lenyewe la shimo hakulitamka. Alijua kuna watu wengi wasio na kazi watakaomtamkia, na kesho yake kweli nchi nzima ikawa inamwita Peiying Shimo. Lakini pale dukani watu walielewa papo hapo, maana vijiti vya kulia vilinyamaza vyote. Mama Lo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akachukua fimbo ya kushushia mlango wa chuma, akaizima televisheni kwa ncha yake.

"Kuna ndugu wa huyu mshenzi humu ndani?" akauliza.

Mama mmoja wa pembeni, shangazi yake Wanchen, akaweka bakuli mezani polepole.

"We maliza kula. Lakini kesho usirudi."

"Ma, acha basi," Peiying akasema.

"Niache nini? Unalia?"

"Silii."

"Afadhali. Machozi yataniharibia nyama. Huyo dawa yake si kulia, ni kumfunga mdomo."

Basi Peiying akaendelea kuchambua nyama, na tangu mchana ule hakuwa na haja nyingine duniani. Watu wa dini wanasema kisasi humla anayekifuga. Huyu kilimlisha. Kilimwamsha alfajiri kukimbia, kikamlaza mapema, kikamtoa kwenye harusi za binamu zake kabla ya chakula cha mwisho.

Wawili hao waliunganishwa na Kocha Fang wangali watoto wa shule ya msingi. Shule ile ilicheza tenisi ya mpira laini, ule wa raba unaobonyea mkononi, na katika mchezo huo kucheza wawili wawili ndiyo kila kitu. Mmoja hukaa mbele karibu na wavu, mwingine hukaa nyuma. Wanchen alikuwa mrefu, akapewa mbele. Peiying alikuwa na miguu mifupi ya kukanyaga chapuchapu, akapewa nyuma. Wa nyuma hufukuza kila mpira, kulia na kushoto, mpaka mpinzani achoke na kuinua mmoja wa kizembe, ndipo wa mbele anaruka na kuumaliza. Picha ya gazetini ni ya yule aliyeruka. Peiying hakuwahi kuona ubaya. Chungu kilikuwa kimoja, nani anapakua hakikuwa kitu.

Wakahamia mpira mgumu, ule wa tenisi ya kawaida, wakaingia duniani pamoja. Walilala kitanda kimoja katika nyumba za wageni za bei ya chini, wakakatana nywele kwa mkasi mmoja. Hadi ile siku kule Paris, Peiying alipokwenda kuwaandikisha wote wawili kwa mashindano makubwa, na yule mama wa mapokezi akamwambia, kwa huruma, kuwa Wanchen ameshajiandikisha na mtu mwingine.

Alimkuta kantini anakula tambi.

"Huyo Mzungu alikuwa anatafuta mtu," Wanchen akasema bila kuinua kichwa. "Ningechelewa angechukuliwa. Hata wewe ungefanya hivyo hivyo."

"Nisingefanya."

"Basi ndiyo maana uko nyuma."

Sentensi hiyo Peiying aliibeba miaka saba. Alicheza na kila aliyekubali kucheza naye: dada wa Kithai aliyecheka hata akipoteza, mwanamke wa Kazakhstan aliyevunja raketi, binti wa Osaka aliyeolewa katikati ya msimu. Mwishowe akampata Sakiko, Mjapani wa mkono wa kushoto, umri umekwenda, magoti yanalia kila akichuchumaa. Siku ya kwanza walikaa benchi moja bila maneno mengi.

"Mimi natafuta kombe moja la kuagia," Sakiko akasema. "Wewe je?"

"Mimi natafuta mtu mmoja."

"Haya. Tutafutiane."

Wakapanda taratibu, mashindano kwa mashindano, na Wanchen akawa kila mara yuko upande mwingine wa ratiba, au ameshatolewa, au anauguza bega. Alikuwa amemwacha Mzungu, akamwacha na aliyefuata, na aliyemfuata huyo. Kisha vuli moja, kwenye mashindano ya Taipei, nyumbani, ratiba ikawaleta pamoja. Fainali. Peiying na Sakiko upande huu, upande ule Wanchen na binti wa miaka kumi na tisa aitwaye Chiaoan.

Na Chiaoan huyo alikuwa mtoto wa Chiayi, mwanafunzi wa Kocha Fang, mchezaji wa nyuma.

Asubuhi ya fainali alimfuata Peiying kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akainama mpaka nywele zikafunika uso. "Dada Peiying, nakutazama tangu nikiwa darasa la tatu. Mama yako aliwahi kunipa paja zima la bata mzinga, eti nina miguu kama ya kwako."

"Ma anagawa sana," Peiying akasema. "Ule vizuri leo."

Walipokuwa wanajinyoosha nje akamwambia Sakiko, "Mpira usimwendee Wanchen."

"Hata mmoja?"

"Ule wa kuanzishia tu, kwa sababu sheria inalazimisha. Baada ya hapo, yote kwa mtoto."

"Mtoto ataumia."

"Ataumia. Lakini Wanchen atasimama pale wavuni akiangalia, mbele ya watu wote hawa, kama nguzo ya taa."

Sakiko akafunga bandeji ya goti.

Ndivyo ilivyokuwa seti ya kwanza. Kila mpira ulimwendea Chiaoan: miguuni, kifuani, kwenye kona ya kulia, halafu kwenye kona ya kushoto kabla hajarudi. Wanchen aliruka-ruka wavuni, raketi juu, na mipira ikapita kichwani pake kwenda kwa mwenzake. Aliposogea kuiba mpira wa mwenzake, waliupitisha mahali alipotoka. Jukwaani Mama Lo, aliyekuja na kundi la wateja wake na chupa mbili za chai, alipaza sauti, "Wanchen! Nikuletee kiti?" Uwanja ukacheka, na hata mwamuzi akainamisha uso.

Walipobadilisha upande, Peiying alipita karibu na benchi lao, akamsikia Wanchen anamfokea mtoto kwa sauti ya chini.

"Unawarudishia laini! Unaniacha nakauka! Ndiyo maana uko nyuma."

Chiaoan alikuwa anafuta macho kwa taulo, akijifanya anafuta jasho. Ningependa kusema Peiying alimhurumia. Hakumhurumia. Alisikia raha iliyomshuka mpaka tumboni, kwa sababu maneno yalikuwa yale yale, na sasa alijua kwamba hayakuwahi kumhusu yeye. Seti ya kwanza wakaichukua kwa urahisi wa kutisha.

Lakini hasira humsahaulisha mtu hata jina la kijiji chake. Kocha Fang alikuwa na zoezi lake aliloliita mvua. Mtoto aliwekwa nyuma peke yake, wakubwa wanne wakammiminia mipira mfululizo, hakuna kuhesabu, hakuna kupumzika, mpaka aache kulia. Siku akiacha kulia, kocha alimnunulia barafu ya embe na kumwambia, sasa wewe ni wa nyuma. Peiying alikula barafu hiyo. Chiaoan naye alikuwa ameila. Mchezaji wa nyuma wa Chiayi humvunji kwa mipira. Mipira ndiyo chakula chake, na wao walikuwa wamempakulia seti nzima.

Katikati ya seti ya pili Chiaoan aliacha kulia. Miguu ikaanza kukanyaga chapuchapu. Kilichopigwa kilirudi, kilichopigwa kwa nguvu kilirudi kwa nguvu zaidi, na mmoja ukamgonga Sakiko begani. Peiying alikimbia kona hadi kona akijiona mwenyewe ng'ambo ya wavu, mdogo na asiyechoka. Wakaipoteza seti ile.

Zikabaki pointi kumi za kuamua. Atakayetangulia kuzifikisha ndiye bingwa. Peiying alikaa benchini. Akishindwa leo, atakuwa Shimo mpaka kaburini, na mama yake atakuwa mama Shimo.

"Mtoto umemlisha, ameshiba," Sakiko akasema, akihema. "Sasa?"

Peiying akatazama upande wa pili. Chiaoan alikuwa amesimama, analowa jasho, anachezesha miguu. Wanchen alikuwa amekaa, nguo kavu, anapuliza vidole, anazungusha lile bega bovu lililopoa.

"Sasa nani hajala tangu asubuhi?" Peiying akauliza.

Sakiko alicheka. Katika miaka yote hakuwahi kumwonyesha meno mengi kiasi kile.

Pointi ya kwanza walimpiga Wanchen, na Wanchen, aliyelilia mpira saa nzima, aliupeleka kwenye wavu. Ya pili aliitupa nje. Ya tatu alishangaa, ikampita. Mkono wake ulikuwa umesahau kazi. Uwanja ukaelewa, ukaanza kunguruma kila mpira unapokwenda kwake. Ukienda kwa Chiaoan kwa bahati mbaya, ulirudi kama jiwe. Ukienda kwa Wanchen, ulikufa. Akaanza kuiba ya mwenzake ili ajipashe moto.

"Wangu!" Chiaoan alipiga kelele.

"Niachie!"

Raketi zao zikagongana, mpira ukaanguka katikati yao, ukaviringika.

Wakafika tisa kwa nne. Pointi ya mwisho, Peiying angeweza kuimaliza kwa pigo la chini. Badala yake aliinua mpira polepole, juu, laini, ukaenda kushuka mbele ya uso wa Wanchen. Ni ule ule mpira ambao Peiying aliutengeneza kwa jasho lake miaka na miaka, ili rafiki yake aruke na kupigwa picha. Alimtupia zawadi. Wanchen aliutazama ukishuka, akajua ni nini, akajua ni nani aliyeutuma, akaruka. Aliupiga ukanasa wavuni.

Mama Lo alimwaga chai yote.

Kwenye utoaji wa zawadi walioshindwa husema kwanza. Wanchen alishika kipaza sauti, akavaa tabasamu la maziwa. "Mwenzangu bado ni mdogo," akasema. "Anajifunza. Wapinzani leo walijua pa kupiga." Pembeni yake Chiaoan alikuwa anatazama viatu. Jukwaani watu walianza kuguna, maana walichokiona wamekiona kwa macho yao.

Peiying alikuwa ameandaa hotuba miaka saba. Alikuwa ameisema bafuni, kwenye ndege, kwenye foleni za benki. Aliposhika kipaza sauti aliona haina haja tena.

"Dada Sakiko anastaafu leo," akasema. "Mimi nabaki mpweke, natafuta mwenzangu wa kwenda naye mashindano ya Melbourne Januari." Akamgeukia binti. "Chiaoan, una mtu?"

Wanchen aligeuka kumtazama msichana, na kwa mara ya kwanza Peiying aliuona uso ule hauna tabasamu lolote. Chiaoan aliinua macho. Hakufikiri hata kidogo.

"Sina," akasema.

Kelele iliyofuata, wanasema, ilisikika hadi kituo cha treni. Wanchen alishuka jukwaani peke yake, amebeba sahani yake ya fedha kama mtu aliyetumwa kurudisha vyombo.

Kesho yake walikuwa Chiayi. Mama Lo alifunga duka kwa wateja, akapika kwa ajili yao tu. Chiaoan alikula mabakuli matatu bila kuongea. Jikoni Mama Lo alimvuta bintiye mkono.

"Umefurahi?"

"Nimefurahi, Ma. Usiniulize kama nimefurahi."

"Nakuuliza kwa sababu nilimtazama huyo mtoto. Mwenzake kasimama hapo hapo, bega kwa bega, naye anasema hana mtu. Hata kope haikutikisika."

"Wanchen alistahili."

"Alistahili, tena sana. Mwosha huoshwa." Mama Lo akakata paja kubwa kuliko yote, akaliweka kwenye sahani, akamkabidhi. "Lakini wewe nawe jana ulikuwa unaosha."

Peiying akatoka na sahani, akaliweka paja mbele ya msichana. Chiaoan alishukuru kwa kuinama, akaling'ata, akatafuna kwa makini. Mafuta yaling'aa kidevuni. Kisha akainua yale macho yake matulivu.

"Dada," akasema, "Melbourne mimi nataka kukaa mbele."

Nje pikipiki zilikuwa zinapita, na jikoni kisu cha mama yake kilikuwa kimeacha kukata.

"Kula kwanza," akamwambia.