Barafu ya Vernell

Shemeji yangu Cleotis hajawahi kumnunulia mke wake ua hata moja. Yeye alimletea barafu. Kila Ijumaa akitoka kiwanda cha kambare alipita kwenye sheli ya njia panda, wanakouza barafu laini ya punjepunje, ile inayotafunika bila kukung'oa meno, akarudi nyumbani na mfuko begani. Mdogo wangu Vernell alimpokea mlangoni, kikombe tayari mkononi. Nyumba zetu zinatazamana, kwa hiyo nilikuwa nawaona, na roho ilikuwa ikiniuma kwa wivu. Mume wangu mimi, Mungu amrehemu, alikuwa akirudi na malalamiko tu.

Kwetu hapa Delta, mtu kutafuna barafu si habari. Joto la Mississippi likikolea, nusu ya wanawake wa kanisa letu wanaingia ibadani na vikombe, na mchungaji akiomba kimya unasikia kacha-kacha viti vya nyuma. Bibi yetu alikula udongo mweupe wa kingo za barabara. Mama alikula wanga wa kupigia pasi, anauchota kwenye boksi kama karanga. Sisi tulipopata friji tukahamia kwenye barafu. Vernell alikuwa akisema ni damu ya ukoo, na sote tulicheka.

Tena barafu ndiyo dawa ya kwanza ya kila nyumba hapa. Mtoto akianguka baiskeli, barafu. Jino likiuma, barafu shavuni. Goti la Cleotis likivimba kwa kusimama kutwa kiwandani, Vernell alilifunga barafu ndani ya taulo, akakaa naye anatazama besiboli huku anaiba punje kwenye taulo lile lile. Kitu kinachotibu watu wote, nani angekishuku?

Mimi nilimtania tu. Kutania ndiyo kazi niliyopewa na Mungu baada ya kustaafu jiko la shule.

"We Vernell, unatafuna kama farasi. Meno hayo yakiisha utayanunua wapi?"

"Niache, dada Arzella. Wenzangu wanavuta bangi, wengine wanakunywa, wewe unasema watu. Mimi na barafu yangu tunamkosea nani?"

"Unanikosea mimi. Sisikii tamthilia yangu."

"Basi ongeza sauti, bibie!"

Mfuko wa Ijumaa ukawa hauvuki Jumamosi. Akawa anapanda ngazi zangu za mbele na kusimama katikati, mkono kiunoni, akisingizia anatazama maua. Viganja vyake vilipauka. Nikimuuliza anasema ni umri, ni joto, ni viatu. Damu aliyokuwa akiiona chooni hakumwambia mtu. Alidhani ni bawasiri, akaona aibu. Hayo niliyajua baadaye, yakiwa hayana faida tena.

Mwaka ule Cleotis aliamua kumfurahisha mkewe siku ya kumbukumbu ya ndoa yao. Hoteli moja ya barabara kuu ilikuwa imefungwa, wanauza vitanda na mapazia, naye akanunua mashine yao ya barafu. Mashine nzima, ndefu kunizidi! Waliileta na rafiki zake kwenye lori la kiwanda, wakaisimika kwenye kibaraza cha nyuma, wakavuta bomba la maji. Ilipoangusha barafu ya kwanza, Vernell alilia. Alimkumbatia mumewe shingoni mbele ya wanaume wale wote akamwambia hakuna mwanamke Mississippi nzima aliyependwa hivyo. Ilikuwa kweli, na mpaka leo sijui nimkasirikie nani.

Majira yaleyale ya joto alianguka uani kwangu akiniletea bamia. Tukamkimbiza hospitali, mjini Jackson. Daktari alikuwa mwanamke kijana, Pruitt, mpole, mwenye viatu vya mazoezi. Alimkunjua kope, akatazama weupe wa ndani, kisha akauliza swali lililonishangaza.

"Mama, kuna kitu unatamani sana kukila ambacho si chakula?"

Vernell aliinamisha macho. Aliyejibu ni Cleotis, kifua mbele.

"Barafu, daktari! Usiku na mchana. Nimemnunulia mashine yake mwenyewe."

Yule daktari akaeleza taratibu. Mtu akipungukiwa madini ya chuma, damu ikawa nyepesi, anaweza kushikwa na hamu ya barafu isiyoshiba. Kwa nini hasa, bado wanabishana. Wengine wanadhani ule ubaridi unakiamsha kichwa kisichopata damu ya kutosha. Hamu yenyewe si ugonjwa. Ila damu ya Vernell ilikuwa inakwenda mahali, na ilibidi wapatafute.

Walipapata kwenye utumbo mpana. Saratani, na si ya jana.

Wakamkata kipande cha utumbo, wakamwongeza damu, wakamtundikia na chupa ya madini ya chuma. Siku ya kutoka, Daktari Pruitt alituambia kitu ambacho Cleotis alikishika kama aya ya Biblia: hamu ya barafu itaondoka damu ikirudi, na ikija tena, tusingoje, tumlete.

Na kweli iliondoka. Hazikupita siku nyingi, nilimmiminia chai ya baridi kikombe kimejaa barafu, akainywa chai, barafu akaimwaga kwenye sinki.

"Mbona unaimwaga?"

"Haina ladha, dada. Ni maji magumu tu. Hivi nilikuwa naona nini humu?"

Cleotis alisimama kanisani Jumapili akatoa ushuhuda. "Mke wangu hataki barafu!" alisema, na kanisa zima likapiga makofi. Akaenda akachomoa waya wa mashine. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini akawa anamuuliza, "Vipi, leo umeitamani?" Vernell anajibu hapana, naye anaondoka mwepesi kama kijana.

Halafu zikaanza dawa za saratani zenyewe. Moja kati ya zile ilikuwa na ukatili wake: inamfanya mgonjwa asivumilie baridi. Manesi walimwonya asiguse kitu cha baridi wala kunywa maji ya bomba, hata friji aifungue na glavu. Vernell alijaribu kushika chupa ya maziwa mara moja akapiga kelele. Alisema vidole vimepigwa na umeme. Basi akawa anakunywa maji ya moto, amevaa soksi za sufu. Tulicheka kidogo, maana ukimfikiria Vernell na barafu, unaona kama kuna mtu juu huko anafanya mzaha.

Baada ya Pasaka nilivuka barabara na sufuria ya mboga. Cleotis alikuwa kazini. Niliingia kwa mlango wa jikoni kama kawaida, na kabla sijaita nikasikia kacha-kacha. Sauti ile sikuwa nimeisikia nyumbani mule tangu mwaka uliopita. Niliifuata, sufuria ikiwa bado mkononi.

Alikuwa amekaa sakafuni kwenye chumba cha kufulia, mgongo kwenye mashine ya nguo. Amevaa zile glavu nene za kushikia masufuria ya moto, amekumbatia kikombe. Anatafuna, na machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Aliponiona hakuacha. Alimaliza iliyomo mdomoni kwanza.

"Ni kama kutafuna chupa iliyovunjika, dada."

"Sasa unaitafunia nini, Vernell?"

"Siwezi kuacha. Ningeweza ningeacha." Akajifuta kwa glavu. "Inanikata mpaka kooni, na nikimeza nataka nyingine."

"Tangu lini?"

"Wiki kadhaa."

"Na Cleotis anajua?"

"Hajui. Na ukimwambia, mimi na wewe basi." Aliniangalia kwa macho ya mama yetu, ambayo hayabembelezeki. "Kila asubuhi ananiuliza. Nikisema hapana, unamwona anavyopendeza usoni? Una roho ya kumnyang'anya hiyo?"

"Ninayo," nikamwambia. "Vaa viatu."

Tulimfuata Cleotis kiwandani nikamwambia, na kesho yake tukaenda Jackson sote watatu. Picha zilionyesha ini limejaa, na mapafu, na mahali pengine nisipopajua majina. Daktari Pruitt hakuzungukazunguka. Alisema dawa zikiendelea zitamtapisha tu, zisimwongezee siku za maana. Vernell akasema basi, ziachwe. Alisema kwa sauti ya mtu anayekataa kipande cha pili cha keki.

Cleotis alikuwa amekaa chumba kilekile, kiti kilekile kando yangu, na maneno aliyoyasikia si niliyoyasikia mimi. Kwenye maegesho aliniambia, "Wamempumzisha dawa. Vizuri. Zilikuwa zinamla damu, ndiyo maana hamu imerudi. Sasa tutampandisha damu wenyewe."

"Cleotis, hukumsikia daktari?"

"Nimemsikia, shem."

"Vernell anakufa."

Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Wewe shem una mdomo mbaya toka zamani," akasema, akaenda kumfungulia mkewe mlango.

Akaiwasha mashine ya kibarazani. Akampikia maini, akampikia majani ya haradali kwenye kikaango cha chuma cha mama yake, akamkorogea molasi kwenye maziwa. Vernell alionja kijiko kumridhisha na kutapika nikiwa nimemshikia beseni. Dawa ile ya saratani ilipomwisha mwilini, baridi ikaacha kumkata, na angalau hapo alipata nafuu: aliitafuna barafu yake waziwazi, mchana kweupe, kwenye kiti cha kibarazani, kama malkia. Mimi nilikaa naye. Tulisema watu wa kanisa wote, mmoja baada ya mwingine, hatukumbakiza hata mchungaji.

"Unajua, dada," aliniambia siku moja, "bora ingekuwa keki. Ningekufa mnene."

"Kufa kwenyewe umekazana nako, hata hunioni nilivyosuka nywele."

"Nimeziona. Nilikuwa nakuonea huruma."

Nilicheka mpaka nikaingia ndani kulia.

Cleotis alikuwa na hesabu moja tu kichwani. Hamu ilipokuja, damu ilikuwa imekwenda. Hamu ilipoondoka, damu ilikuwa imerudi. Basi alingoja iondoke. Kila asubuhi aliuliza swali lake, na Vernell, ambaye hakuwa na nguvu za kudanganya tena, alijibu, "Bado naitaka, mpenzi." Cleotis alimpapasa mkono akasema kesho.

Mwezi wa nane alikuwa haondoki kitandani. Nesi Tolliver, anayezunguka kuhudumia wagonjwa waliorudishwa nyumbani, alikuja akatuonyesha namna ya kumgeuza na kumpa morfini. Chakula alisema tusimlazimishe. Barafu tumpe akitaka, iliyopondwa, nusu kijiko, kwa kuwa inalainisha mdomo na haimpalii kama maji. Cleotis alifurahi kupewa kazi. Aliiponda kwa nyundo ndani ya taulo, akamlisha punje kwa punje kutwa nzima, na Vernell, macho yamefumba, alizimung'unya. Kutafuna hakuweza tena.

Nesi alinivuta pembeni mlangoni. "Siku atakayoikataa na hiyo," akasema, "mkae karibu. Hazitakuwa saa nyingi." Nilimuuliza kama amemwambia mumewe. Akasema amemwambia. Nilijua basi kwamba hajasikia.

Ilikuwa Jumatano asubuhi, nafagia ngazi zangu. Cleotis alitoka nyumbani kwake na fulana ya ndani, hana viatu, kikombe mkononi, akavuka barabara mbio na goti lake lile bovu bila hata kutazama magari. Anacheka. Sijawahi kumwona mtu mzima anacheka vile.

"Shem! Hataki!"

"Hataki nini?"

"Barafu! Nimempa kijiko akafunga mdomo. Nimempa tena, akageuza uso, kabisa! Umeelewa? Hataki barafu!" Alinishika bega, mkono wake umelowa baridi. "Piga simu Jackson, umwambie yule daktari. Mwambie alivyosema ndivyo ilivyokuwa."

Mdomo wangu mbaya wa toka zamani ulifunguka. Watu wazima wananiogopa kwa mdomo huu. Nilimtazama usoni, jasho na machozi na meno yote nje, nikaufunga tena.

"Twende," nikamwambia. "Twende ukakae naye."

"Kaa naye wewe, mimi naingia jikoni. Mtu damu ikirudi, njaa itakuwa njiani."

Nilimwambia tena, akakaa dakika moja ukingoni mwa kitanda, akambusu paji la uso, akainuka. Hangeweza kutulia. Nikafunga mlango wa chumba nikapanda kitandani kando ya mdogo wangu, kama tulivyolala utotoni, nikamshika. Alikuwa anavuta pumzi moja, ananyamaza, ananyamaza, ndipo anavuta nyingine. Nikasikia mafuta yanachemka jikoni na harufu ya unga wa mahindi ikaja chini ya mlango.

"Shem!" Cleotis aliita. "Nimkaangie kambare nusu au mzima?"

Nilingoja Vernell avute pumzi. Nilingoja tena.

"Shem! Umenisikia?"

"Mzima," nikamjibu. "Mkaangie mzima."