Bibi Jadwiga na Mwana wa Mfalme Mkuu

Kati ya wazee wote aliowahudumia majumbani mwao pale Edmonton, kaskazini mwa London, Aikaeli alimpenda zaidi Bibi Jadwiga. Siku ya kwanza alipoingia na glavu zake, yule bibi wa Kizungu alilisoma jina kwenye kitambulisho chake cha kazi, akamkazia macho, kisha akamuuliza kwa Kiswahili:

"Wewe Mmeru au Mchaga?"

Aikaeli aliketi bila kukaribishwa.

Kumbe Bibi Jadwiga alikulia Tengeru. Alizaliwa katika ukoo wa kikabaila huko Polandi, watu wa mashamba na farasi, Vita Kuu ya Pili ikawafagia. Baba akauawa, mama na mtoto wakatangatanga hadi kambi ya wakimbizi wa Kipolandi chini ya Mlima Meru, na huko ndiko alikojifunza kusema, akicheza na watoto wa wauza ndizi. Kambi ilipofungwa wakahamia London, wana jina kubwa na masanduku matupu.

Mengine alimsimulia kidogo kidogo, Aikaeli akimchana nywele.

Alipokuwa msichana, mfalme mkuu wa nchi moja ya mbali alizuru London, akamwona kwenye dhifa akigawa maua. Kesho yake akatuma gari limchukue. Jadwiga akakataa, alikuwa amechumbiwa. Ndipo wakubwa wa Wapolandi waliokuwa uhamishoni walipokuja kwa mama yake, wamevaa nishani zao. Wakasema nchi yao imemezwa na Warusi, hawana wa kuwasemea duniani, na mfalme yule anasikilizwa.

"Walinipigia magoti, mwanangu," Bibi alisema. "Wanaume wazima! Nikamtazama mama anitetee. Mama akaenda kunifungia sanduku."

Akaenda. Akawekwa kwenye nyumba nzuri nyuma ya ikulu, mwanamke asiyetajwa. Mfalme alimpenda kwa namna yake, lakini kila alipotajiwa Polandi alicheka, akamwagizia mkufu mpya. Hakuisemea hata mara moja. Nchi hiyo ilikuja kujikomboa miaka mingi baadaye, bila msaada wa mfalme yeyote.

Walipata mtoto wa kiume, Stefan. Alipofikia umri wa kwenda shule, walinzi walimchukua akalelewe ikulu, mama akapandishwa ndege kurudi London. Kanisani, wale wale waliompigia magoti walihama benchi alipokaa. Kisha mfalme akapinduliwa, na habari za mtoto zikakatika kabisa.

Mwaka wa tatu wa Aikaeli pale, akili ya Bibi ilianza kumtoka. Kiingereza kilimponyoka kwanza, kisha Kipolandi chenyewe, kikabaki Kiswahili cha Tengeru. Wahudumu wengine walidhani anapayuka. Aikaeli peke yake ndiye aliyejua kwamba anaomba maji, au anauliza kama ndizi zimeiva.

Mchana mmoja wa Februari, bwana mwenye mvi alibisha hodi, koti limelowa mvua. Alikuwa na macho ya Bibi. Alisema anaitwa Stefan, ameishi Kanada tangu mapinduzi, na watu wa kanisa ndio waliomwelekeza hapo. Aliongea Kiingereza polepole, kama mtu aliyefanya mazoezi njia nzima.

"Sikuja kukaa," alimwambia Aikaeli pale mlangoni. "Kule ikulu waliniambia aliniuza kwa nyumba ya London. Nataka nilisikie kwake mwenyewe."

"Hataweza kukujibu, bwana. Kumbukumbu zimemtoka."

"Nitamuuliza hivyo hivyo."

Bibi alikuwa kwenye kiti cha dirishani. Alipomwona mgeni, rangi ikamtoka usoni. Akajikongoja kuinuka, na kabla Aikaeli hajamfikia, alishapiga magoti juu ya zulia.

"Mtukufu," akasema, "nirudishie mtoto wangu. Mikufu yako chukua. Nyumba siitaki. Nitalala jikoni, nitafua, sitamwambia mtu kwamba mimi ndiye mama yake. Nimwone tu akila."

"Anasema nini?" Stefan akauliza. "Ni lugha gani hii?"

Aikaeli akamtafsiria neno kwa neno. "Anadhani wewe ni baba yako," akaongeza.

Stefan akashuka, naye akapiga magoti mbele yake. "Mama, ni mimi. Stefan."

Jina alilisikia. Akatikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayeogopa kumuudhi mkubwa. "Hapana, Mtukufu. Stefan bado mdogo."

Yule bwana akamgeukia Aikaeli. "Nimwambieje kwamba nimemruhusu?"

Aikaeli akamfundisha. Naye akatamka kwa ulimi mzito: "Mchukue mtoto wako."

Uso wa Bibi ukachanua. Akamshika mikono yote, akaibusu, kisha akaangalia mlangoni.

"Yuko wapi? Mleteni basi."

Walimrudisha kitini. Alikataa chai, akakataa hata kuvuliwa viatu, akisema mtoto akija atataka kutoka nje. Stefan aliketi kando yake mpaka giza la mapema likaingia. Kila alipomshika mkono, Bibi aliutoa taratibu, asije mtoto akaingia akamkuta ameshikwa.

Alifariki kabla ya Pasaka. Kanisani walikuwepo Stefan, Aikaeli na padri. Padri alipouliza kama yuko anayetaka kumwelezea marehemu, Stefan alisimama.

"Alikuwa mama yangu," akasema. Kisha akaketi.