Kresi ya Bwana Tjaden

Barua niliiandika mimi, kwa mkono wangu, nikaitia kwenye sanduku la kamati ya bustani zetu za kukodi bila haya. Niliandika kwamba jirani yangu, Onno Tjaden, anaacha gugu la kresi chungu lizae mbegu, kinyume cha kanuni ya tisa. Uzio kati yetu unanifika kiunoni, ningeweza kumwambia nikiwa nimekaa. Sikujua kwamba alishapewa maonyo mawili. Langu lilikuwa la tatu.

Na gugu lenyewe ni kitu gani! Majani madogo ya mviringo, yamepangana mawili mawili, yametandaa chini kama kisahani. Maua meupe ya petali nne, madogo kuliko punje ya mchele. Hupenda udongo mtupu wenye unyevu, na vyungu. Lakini vile vijiti vya mbegu vikikomaa, ukivigusa tu vinapasuka na kurusha mbegu mita nzima. Bwana Tjaden alikuwa akivigusa makusudi, mbegu zinaangukia kwenye kahawa yangu.

"Hodi, Bi Harms!"

"Hodi gani hiyo? Mzee mzima hovyo!"

"Onja basi, ina ukali wa haradali."

"Huo ni udongo wa kando ya reli, una uchafu wa kila namna, na hilo gugu linaunyonya. Kama lazima ule, kula la kwenye chungu."

"Kumbe unanijali!"

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Jumatatu yake nikaandika barua.

Siku ya kurudisha ufunguo wa bustani aliyonyang'anywa, alisimama kwenye uzio, kofia mkononi. "Ungeniambia tu," alisema. Akahamia kwa bintiye, mjini Kassel. Miaka kumi na tisa tuliitana Bwana na Bi. Jina langu, Wiebke, hakuwahi kulitamka, kwa sababu sikuwahi kumruhusu.

Mpangaji mpya amemwaga kokoto bustani nzima na haji. Machi hii kresi zimeota kwangu, katikati ya vitunguu, zote za mbegu zake. Sikung'oa hata moja, mpaka vijiti vikakomaa. Jumamosi akaja Bwana Poppinga, mwenyekiti wa kamati, na daftari lake.

"Hata wewe, Bi Harms? Zing'oe sasa hivi, nami sijaona kitu."

"Andika."

"Ni onyo hili. Yakifika matatu, bustani huna."

"Najua yanavyohesabiwa. Andika."

Aliandika, akaenda zake akitikisa kichwa. Nilibaki na kahawa yangu. Namkumbuka yule mzee, nasema wazi, namkumbuka kila siku.

Nikainama karibu na uzio, nikagusa vijiti kwa kidole. Mbegu zikaruka, zikadondoka juu ya kokoto upande wa pili.

"Hodi, Onno," nikasema, nikangoja.