Vidole Vinne

Saa nne asubuhi fundi wa kushona viti aliitwa ofisini kwa wabunifu wa mabasi, sindano bado imechomekwa kwenye kola. Walitaka amwambie mkewe aweke mto chini.

Mkewe alikuwa na mwaka wa pili kaburini. Enzi za udereva wake, kampuni ilimbandika vifungo vidogo magotini, kiunoni na mabegani, akaambiwa apande, akae, akanyage, ageuke, siku tatu mfululizo, kompyuta ikinakili kila alivyojongea. Walimpa soda na asante. Tangu hapo, kila basi jipya yeye ndiye aliyeliendesha kwanza, ndani ya kioo cha kompyuta.

Humo alikuwa umbo la kijivu lisilo na uso. Fundi alimtambua kwa namna alivyoshika goti akipanda ngazi.

"Tukimwamuru aendeshe, anakwenda kwanza kuchukua mto," alisema bosi. "Anauweka mgongoni, vipimo vinaharibika."

"Ule wa maua?"

"Wa maua."

"Kumbe. Nami nikasema binti yetu kaufua. Tangu Jumanne nalalia mkono."

Mkewe aligeuza kichwa. "Baba watoto, umekula?"

"Nimekunywa chai. Mgongo je?"

"Uleule. Klachi iko mbali. Waambie wasogeze kiti vidole vinne."

Maneno hayo aliwahi kuwaambia akiwa hai, wakamjibu kwa barua ya onyo. Mgongo ukamlaza mwaka mzima, kisha ukamlaza moja kwa moja. Sasa binti yao naye alikuwa dereva, kimo kilekile cha mama, na basi la kwanza la aina hii lilikuwa lake. Fundi aliinua vidole vinne mbele ya bosi.

"Mzee, reli za kiti zimeshafungwa. Halafu kiti kimepimwa kwa mtu wa kawaida."

"Huyo mtu wa kawaida namsikia tu, bosi. Miaka thelathini nashona viti, sijamwona akija kukaa."

Bosi alicheka vizuri tu. Kisha akamwagiza mchoraji amvute marehemu miguu. Ndivyo walivyo wakubwa: kiatu kikikubana, wanakata kidole.

Mchoraji alibonyeza. Miguu ikarefuka taratibu, kama soksi inavyovutwa.

"Inauma?" fundi aliuliza.

"Si sana. Hawa nimewazoea."

Akakanyaga klachi hadi chini, akampitishia mumewe mto nje ya kioo. Ulikuwa na joto la mgongo. Bosi aliandika kwenye fomu: *Dereva wa kike, anafika.*

"Andika na habari ya vidole," fundi alisema.

"Hapa hamna nafasi ya vidole, mzee."

Jumatatu binti alitoka getini na basi jipya, amekaa ukingoni mwa kiti, ncha ya kiatu ikiitafuta klachi. Ofisini, mama yake alikuwa akiendesha la kwake bila shida yoyote.