Nyayo Zilizoishia kwa Mama Gloria

Jumamosi asubuhi Domitila alifagia uwanja wake kama kawaida, akirudi kinyumenyume kutoka mlangoni hadi kwenye uzio wa minyaa, asije akakanyaga alipokwisha kufagia. Alipoinua mgongo alimwona binti yake Veronica, wa miaka tisa, anatoka ndani peku na ndoo tupu mkononi, anavuka uwanja kwenda bombani. Nyuma ya mtoto zilibaki alama za viatu vya shule, soli ina nyota katikati na kisigino kimelika upande mmoja. Domitila alivijua. Vilikuwa viatu vya Gloria, mtoto wa jirani.

"Vero, umevaa viatu vya watu?"

"Sijavaa kitu, mayu," akamjibu mama yake.

Mtoto akainua unyayo mmoja. Ulikuwa mtupu, una vumbi tu.

"Basi wahi bombani, kuna foleni. Mwenzio Gloria saa hizi kashachota."

Domitila akafagia tena pale palipokanyagwa, akaingia ndani kukoroga uji.

Domitila ni mwalimu wa watoto kwenye kigango chao, pembeni mwa mji wa Bariadi. Kila Jumamosi mchana anawakusanya watoto wa Komunyo ya Kwanza na kuwaambia maneno yaleyale, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuyarudia. Mungu kwanza. Usiige. Wenzako wakisuka rasta, wewe Mungu kwanza. Wenzako wakicheza zile dansi za kwenye simu, wewe Mungu kwanza. Watoto wanaitikia "Mungu kwanza!" mpaka mabati yanatetemeka, halafu wakitoka nje wanazicheza dansi hizohizo nyuma ya kanisa, wote kwa mkono uleule, wote wanakata kiuno upande uleule. Jamani, inachosha. Kuna siku alitamani awafunge kamba kama ndama.

Akirudi nyumbani anaanza na wa kwake. Mwenzio Gloria anaongea Kiingereza. Mwenzio Gloria akiitwa mara moja anaitika. Mwenzio Gloria hata kula anakula kistaarabu, wewe unalamba sahani. Fuata nyayo za mwenzio, Vero, hutapotea. Hayo hakuyaita kuiga. Aliyaita malezi, na aliyasema asubuhi, mchana na wakati wa kula.

Mtaa uliizoea ile hali haraka. Huku watu wamekulia kwenye ng'ombe; mtu anazijua kwato za ndama wake katikati ya kundi la watu wengine, na nyayo za mtoto wa jirani anazijua kama sura yake. Walisema tu kwamba Vero siku hizi anakanyaga kama Gloria, wakaendelea na palizi. Baba yake, Athanasi, alilalamika kwamba shambani hawezi tena kujua ni mtoto gani amevunja miche ya pamba. Zaidi ya hapo hakuwa na neno.

Aliyeudhika kweli alikuwa Mama Gloria. Alikuwa amemkataza binti yake kwenda kuchezea lamboni, kule ng'ombe wanakonywea, na siku moja akazikuta zile nyota zimezunguka ukingo mzima kwenye matope. Akamchapa Gloria. Baadaye akaja kuambiwa kwamba Gloria alikuwa shuleni tangu asubuhi, hajatoka hata kidogo. Akaja mpaka kwenye uzio, kanga kaifunga kiunoni.

"Mama Vero, mwambie mwanao atumie miguu yake. Wangu amechapwa bure."

"Mwanangu hajakuibia kitu. Wako ndiye anayejionyesha kila mahali na hivyo viatu."

"Viatu nimemnunulia avae. Ulitaka avae kichwani?"

Domitila alitafuta la kujibu, na lilipomjia, Mama Gloria alikuwa ameshaingia kwake. Hilo lilimuuma kuliko maneno yenyewe. Akageuka arudi ndani, na hapo akaona alama zake mwenyewe, kutoka mlangoni mpaka kwenye uzio. Alikuwa amevaa kandambili, lakini chini kulikuwa na vitobo vya visigino virefu, vile anavyovaa Mama Gloria Jumapili. Alichukua fagio akavifuta vyote. Hakumwambia mtu, hata Athanasi.

Veronica alijaribu kujisaidia alivyoweza. Alisugua nyayo kwa jiwe mpaka zikawa nyekundu. Alitembea kwa visigino, zikatoka nyota. Aliruka kwa mguu mmoja, ikatoka nyota moja moja. Alitaka kulia, akakumbuka Gloria halii ovyo, akaacha.

Wiki ya Komunyo ilipofika, Domitila alimwita ampime gauni.

"Nimemwambia fundi akushonee kama la Gloria. Kitambaa kilekile, maua yaleyale, na viatu tutatafuta vinavyofanana."

"Halafu mimi nitakuwa wapi?"

"Kwenye benchi na wenzako, utakuwa wapi tena? Simama wima. Mwenzio hajikunji akipimwa."

Jioni ile Veronica hakurudi kutoka bombani. Ndoo ilikutwa imejaa, mtoto hayupo. Domitila aliita mpaka sauti ikakauka. Jua lilipoanza kuzama Athanasi akapiga mwano, ule ukelele wa kuita watu ng'ombe wanapoibwa, na wanaume wakaja na fimbo, mmoja bado anatafuna. Hawakuulizana maswali. Walifanya wanachokijua, wakafuata nyayo. Nyota zilitoka bombani, zikapita kwenye mashine ya kusaga, zikakata kando ya uwanja wa mpira, zikaingia kwa Mama Gloria na kuishia mlangoni.

Na desturi ya hapa inajulikana. Nyayo zikiishia kwenye boma lako, wewe ndiye wa kujibu. Uonyeshe zilipotokea kwenda mbele, au umtoe anayetafutwa. Athanasi alivua kofia.

"Mama Gloria, nyayo zimeishia kwako. Tunaomba mtoto."

"Mtoto huyu hapa," Mama Gloria akasema, akamsukuma Gloria mbele. "Nyayo ni zake. Mchukueni basi, gauni kama lake si mmeshaagiza?"

Gloria, ambaye halii ovyo, alilia kwa nguvu.

Wanaume walirudi bombani wakaanza upya kwa njia ya nyuma. Nyayo zikawaleta mlango uleule. Wakaenda kuanzia shuleni, zikawaleta palepale. Mzee mmoja, Mahona, akasema labda waangalie lamboni. Lamboni walikuta nyota zimezunguka ukingo, halafu zimerudi nyumbani kwa Mama Gloria, zimeingia ndani. Athanasi akatupa fimbo chini.

"Nina mtoto asiye na nyayo," akasema. "Nimtafute kwa kufuata nini?"

Hasira ilimjaa na hakuwa na wa kumpa. Mahona akaiokota ile fimbo, akamrudishia.

Domitila alikimbilia kanisani kugonga kengele, ili watu wa ng'ambo ya barabara nao waje kusaidia. Kengele yao ni rimu ya lori, na chuma cha kuigongea huwekwa ndani. Alikuta mlango umerudishwa tu. Ndani, karibu na altare, Veronica alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha mbele. Sakafu ya kanisa ni saruji. Hapakuwa na alama yoyote, si ya nyota wala ya kitu kingine.

Domitila alimkumbatia mpaka mtoto akakohoa. Alilia, akamshukuru Mungu kwa sauti, akalia tena. Akakaa naye pale chini.

"Unajua umetufanya nini? Baba yako anatafuta kwenye maji! Ulikuja kufanya nini huku?"

"Wewe ulitufundisha Mungu anamjua kila mtu kwa jina lake. Nikaja kumuuliza kama langu analo."

"Amesemaje?"

Veronica alifikiri kwanza, maana hakutaka kusema uongo kanisani.

"Hajasema kitu. Lakini hajanitajia mtu mwingine."

Domitila alikuwa amefundisha watoto miaka yote ile na hakuna aliyewahi kumjibu hivyo. Aliona aibu. Akapiga magoti, akaapa mbele ya altare kwamba jina la Gloria hatalitaja tena kumlinganisha na mwanawe. Aliapa kwa moyo wake wote, na kwa kweli hakulitaja tena.

Wakatoka. Giza lilikuwa limeshaingia. Wanaume walipowaona wakasema Mungu mkubwa, wakatawanyika kwenda kula. Mama Gloria alikuwa amesimama kwake na binti yake, akasema pole kwa mbali, akafunga mlango. Athanasi alimshika mtoto kichwani, akauacha mkono pale kwa muda, halafu akakaa nyuma yao na tochi ya simu kuwamulikia njia.

Walitembea polepole. Veronica alikuwa amechoka, anaburuza miguu. Domitila alimshika mkono, na aliposema alisema kwa upole kabisa, macho bado yamemvimba kwa kulia.

"Tembea vizuri, mama. Mungu kwanza, sawa? Mwangalie Mwandu, yule kijana wa mwenyekiti wa kigango. Yeye anamtanguliza Mungu kila siku, na wazazi wake hajawahi kuwapa presha kama hii. Mfuate yule."

"Ndiyo, mayu," akasema Veronica.

Akaacha kuburuza miguu, akaanza kupiga hatua ndefu.

Athanasi akashusha tochi chini. Kwenye vumbi, upande mmoja, vilikuwa vitobo vya visigino virefu. Upande wa pili zilianza alama za katambuga, zile ndala za tairi anazovaa Mwandu akichunga, kubwa kuliko mguu wa mtoto mara mbili. Alizitazama mpaka akawa na hakika ya meno ya lile tairi. Kisha akawafuata, huku kichwani anaipanga njia ya kwenda kwa mwenyekiti, apite wapi na akate wapi, ili siku nyingine ajue pa kuanzia kumtafuta.