Waliosimama Wahesabiwe

...na akikaa sasa atakuwa ameondoa hoja yake mwenyewe, maana hivyo ndivyo kanuni ya zamani inavyosema, diwani anayeomba kusema husimama, na akikaa amemaliza, na asipokaa Thomasi karani wa vikao atamfikia na kalamu yake amhesabu pamoja na wanaokubali kanuni mpya, kwa kuwa Mwenyekiti Luhende alitamka "wanaokubali wasimame" wakati uleule magoti ya Lukresia yalipokuwa yananyooka aombe kusema, sauti mbili zilitoka pamoja, yake ndogo, ya Mwenyekiti ina kipaza sauti, na sasa karibu ukumbi wote umesimama, majoho yananing'inia mabegani, viti vya plastiki vimekwaruza sakafu, na yeye yumo katikati yao kama aliyekusudia, na Mzee Ngeleja wa kiti cha jirani amemwinamia akamnong'oneza, "Wabeja mayu, ahsante mama, umetuelewa," akimshukuru, Mungu wangu, akimshukuru kwa nini... "Tisa, kumi, kumi na moja," Thomasi anahesabu kwa kuonyesha kalamu, polepole, safu kwa safu, kwa sababu kanuni haibadilishwi mpaka theluthi mbili ya madiwani wakubali, na theluthi mbili haisikiki kwa masikio, ndiyo maana leo si kupiga kelele za ndiyo kama siku zote, leo ni kusimama, tuonane macho, alisema Luhende jana kwenye kikao cha chama, na wakati akisema hivyo alikuwa anamtazama yeye, na wengine wakacheka, mmoja akasema, "Mama Lukresia, safari hii tupumzishe na mabati yako, hata mimi ndotoni nasikia mvua inapiga bati," na yeye alicheka pamoja nao kwa sababu hakujua uso aupeleke wapi. Mabati yake. Kifungu cha saba cha kanuni mpya kinasema swali ambalo Halmashauri imekwisha kulijibu halitaulizwa tena mpaka mwaka upite, na swali lolote lipelekwe kwa maandishi siku kumi na nne kabla, na hakuna asiyejua kifungu cha saba kimeshonwa kwa kipimo cha nani, vikao vinne mfululizo amesimama hapa na swali moja, zahanati ya Mwandama itaezekwa lini, na mara nne amejibiwa, suala hilo lipo katika hatua za utekelezaji, Mheshimiwa, na mara nne amesema ahsante akakaa, na leo ingekuwa ya tano, kwa sababu aliahidi mbele ya kaburi, siku ya misa ya arobaini, kwamba hatanyamaza mpaka paa lipande, na ahadi ya kaburini haina kifungu... "Mheshimiwa usihame, nimeshakuhesabu pale," asema Thomasi, na mtu wa nyuma anadakia, "Huyo mnene, mwandike mara mbili!" ukumbi unacheka, Thomasi amepoteza hesabu, anakuna kichwa, "Samahani Mwenyekiti, naanza upya," na Luhende anasema wanaokubali waendelee kusimama tafadhali, na miguu ya Lukresia inawaka moto ndani ya viatu vya kanisani. Kanisani watu husimama kwa Nasadiki, hakuna anayekuuliza umesimama kwa nini, ukisimama umesadiki, mwili ndio unaosema kabla ya mdomo, na hapa pia mwili wake umekwisha kusema, umesema nakubali, nakubali nisiulize, nakubali nyasi ziote ndani ya zile kuta, kuta ambazo wanakijiji walizipandisha mpaka kwenye renta kwa mikono yao kwa sababu yeye diwani wao aliwaambia, nyinyi pandisheni boma, Halmashauri itaezeka, ndivyo utaratibu ulivyo, wakabeba mawe kwa matela ya ng'ombe, wakafyatua tofali, na Nyamizi, mwanawe, alibeba maji ya udongo kwa ndoo, anapita anaimba, shingo imenyooka, anawatania wanaume kwamba wanachoka kama ndama wa jana, "Mama, mimi nitakuwa wa kwanza kuzaa humu," akasema, akapiga ukuta kwa kiganja, na kiganja kikaacha alama ya matope, na leo mbuzi wa jirani yao Masunga wanalala mle ndani. Mvua za Machi. Pikipiki moja kwenda hospitali, watu watatu, dereva, Nyamizi katikati, yeye nyuma amemshika mwanawe kwa mikono yote miwili, tumbo lile gumu chini ya vidole vyake, kalavati limekwenda na maji wakazunguka kwa juu, na Nyamizi anauliza, "Mama, bado mbali?" na yeye akajibu, "Tumefika mwanangu," na hawakuwa wamefika, hata lami hawakuwa wameiona, na akauliza tena na yeye akajibu tena tumefika, na mara ya tatu hakuuliza. Uongo ule aliupeleka kitubioni, na Padre akasema, "Mama, hiyo si dhambi, hiyo ni huruma," akampa Salamu Maria tatu, akazisali, lakini kifua hakikufunguka, na amejiuliza miezi yote hii kwa nini hakikufunguka ikiwa dhambi imeondolewa... "Saba, nane, Mheshimiwa wewe umesimama au unajinyoosha?" "Nimesimama, andika." ...kwa nini hakikufunguka, labda kwa sababu hakupeleka kitubioni ile iliyokuwa nzito, alipeleka ile ya huruma kwa sababu ilikuwa na machozi, watu huisamehe ikiwa na machozi, ile nyingine haina machozi, ni kavu, ina harufu ya chai ya tangawizi. Ilikuwa humuhumu, miaka miwili iliyopita, kabrasha nene kama tofali waligawiwa asubuhi ileile, kurasa mia na zaidi, na yeye alimaliza darasa la saba tu, husoma kwa kidole, alikuwa amefika ukurasa wa kumi na mbili, na Luhende akasoma haraka kitu juu ya kuhamisha kwa muda vifaa vya kuezekea kutoka Mwandama kwenda kata nyingine iliyo tayari zaidi, na yeye akasikia jina la Mwandama, hapana, usijidanganye Lukresia, ulisikia, kichwa kiliinuka, ukamgeukia Ngeleja, ukamwuliza, "Wanasema nini juu ya kwetu?" na Ngeleja akasema, "Sema ndiyo tu mayu, twende tukanywe chai, watarudisha," na wanaoafiki wakasema ndiyo, na mdomo wake ukasema ndiyo, si kwa nguvu, ndiyo ndogo, ndiyo ambayo haikuandikwa popote, maana ndiyo ya watu wengi haina jina, huingia kwenye paa la ukumbi ikapotea, kisha akaenda kunywa chai na maandazi mawili, akiwaza dawa ya pamba. Siyo kwamba hakujua. Hakutaka kuonekana mtu asiyesoma kabrasha lake. Kwa aibu hiyo ndogo, aibu ya kidole kinachofuata mstari, mabati yaliondoka, na tangu siku ya mazishi amekuwa akiuliza lini, lini, lini, kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe akijua mwenye ufunguo ni nani... jasho linamshuka chini ya joho, Thomasi yuko safu ya tatu, kalamu inakuja, na Lukresia anasikia kitu kimetulia ndani yake ghafla, siyo amani, ni kama ng'ombe anapoacha kuvuta kamba, kwa sababu kifungu cha saba kinakataza swali lililokwisha kujibiwa, na hilo la lini limekwisha kujibiwa, walichukue, ni lao, walifungie kwenye kabati lao, lakini liko swali ambalo halijawahi kuulizwa katika ukumbi huu hata mara moja, nani alisema ndiyo mabati yaondoke, na halijaulizwa kwa sababu mwulizaji angekuwa wa kwanza kujijibu. Kwa maandishi, siku kumi na nne kabla, halitapita, watalisoma watalizima, kwa hiyo ni leo, kanuni mpya haijawa kanuni mpaka Luhende aitangaze, dakika hizi mbili tatu bado ni za kanuni ya zamani, na kwa kanuni ya zamani yeye amesimama anaomba kusema. Wanakijiji watasikia, mwenyekiti wa kijiji atasikia, mkwe wake Ndaki atasikia, naye hajasema neno tangu msiba, anakuja tu kila Jumapili kumwona mtoto, atasikia kwamba bibi wa mwanawe, huyu anayemlea Anna aliyeachwa na marehemu Nyamizi, kwa maziwa ya ng'ombe, alinunua chai kwa paa, na labda hatakuja tena, na labda atamchukua mtoto, ee Yesu, mtoto, hapo karibu akae, kiti kiko nyuma ya miguu yake, baridi, kinamgusa, ni kukunja tu, na hakuna atakayejua, na Ngeleja anaona amelegea, anamshika kiwiko kwa upole, ni mtu mwema Ngeleja, hilo ndilo linalochosha, wote ni watu wema, "Kaza miguu mayu," anasema, "amebakiza safu moja, sasa hivi tunakaa." Na Lukresia anamtazama mzee huyu mwenye mvi safi na joho lililopigwa pasi, anajibu polepole, kama anavyosema kila kitu, "Nyinyi ndio mtakaa," na Ngeleja anatabasamu, hakusikia vizuri, na Thomasi ameinua kalamu kuelekea kwake, kumi na saba, kumi na nane, na amwandike, amhesabu, ndiyo moja zaidi juu ya ile aliyonayo, kisha Mwenyekiti atasema ahsanteni, na majoho yote ila lake yatashuka kwenye viti kwa mara moja...